Nyimbo za Krismasi za Walutheri: Mizani Ile Ile, Mapigo Kinyume



Hapa Minnesota theluji imefika magotini na mimi nimeshachoka kuisifia. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Desemba iliyopita, nimeona nilitoe hapa mbele yenu. Ni habari ya nyimbo za Krismasi za sisi Walutheri wa Tanzania. Najua wengi wenu ni Waislamu wa Mrima, Unguja na Mombasa, na wengine ni Wakatoliki ambao hata neno Krismasi hawalitumii sana, wao husema Noeli. Nawaomba mnivumilie. Hoja yangu inaanzia kanisani lakini inaishia kwenye ushairi wa Kiswahili, na huko sote ni wenye nyumba.

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa tulipo tuna ibada ya Kiswahili, tunaazima kanisa la Wamarekani Jumapili mchana. Mwaka jana kamati ya mkesha wa Krismasi ilitaka kuchapa kijitabu cha nyimbo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa isimu nikaombwa nipitie Kiswahili chake. Basi nikajikuta katikati ya mzozo. Vijana waliozaliwa huku walisema nyimbo hizi za kitabuni ni za Wajerumani, tena za mkoloni, ziondolewe ziingizwe za kwaya za siku hizi. Wazee wakasema bila hizo hakuna Krismasi, watu wakae nyumbani. Binti mmoja wa miaka kumi na tisa akauliza swali ambalo halikujibiwa na mtu: "Kama hizi ni zao, sasa zetu ziko wapi?"

Nilijitia mpatanishi. Nilidhani nikisahihisha lugha, pande zote zitaridhika. Haikuwa hivyo, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza tuzitazame nyimbo zenyewe, maana naona pande zote mbili zinazungumzia kitu ambacho hazijakichunguza.

Tuanze na hilo la kusema "za Wajerumani" au "za Kilutheri". Wimbo tunaouthamini kuliko zote usiku wa mkesha, ule wa usiku mtulivu ambao kila mtu anaujua, si wa Kijerumani kwa maana ya nchi, wala si wa Kilutheri. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1816 na Joseph Mohr, padri wa Kikatoliki huko Mariapfarr, Austria. Sauti yake ilitungwa na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda cha kanisa, tarehe 24 Desemba 1818, ukaimbwa usiku huo huo Oberndorf kwa gitaa. Naam, gitaa, chombo ambacho baadhi ya wazee wetu wa kanisa mpaka leo wanakitazama kwa jicho la pembeni.

Au chukueni ule unaoitwa O du fröhliche, unaofunga ibada za mkesha Ujerumani nzima. Maneno yake ya kwanza yaliandikwa na Johannes Daniel Falk wa Weimar. Mwaka 1813 ugonjwa ulimchukulia watoto wanne, na yeye badala ya kufunga mlango akafungua nyumba ya kulea watoto walioachwa yatima na vita. Aliwatungia wao. Sauti hakuitunga, aliichukua kwenye wimbo wa Sisilia wa kumsifu Bikira Maria. Kwa hiyo Mlutheri anayeuimba kwa kifua mbele anatumia sauti ya wimbo wa Bikira Maria, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Na Luther mwenyewe? Wimbo wake mkubwa wa Krismasi, Vom Himmel hoch, una beti 15, na ulichapwa mwaka 1535. Ulikuwa wa watoto wa nyumbani kwake. Alichukua wimbo wa mchezo wa vijana, wa mtu anayefika kutoka nchi za mbali na kusema amebeba habari nyingi, kisha anawatolea wenzake kitendawili. Luther akamweka malaika mahali pa yule mgeni. Na sauti ya kwanza ilikuwa ile ile ya mchezo. Ile tunayoijua leo, ambayo husemwa ni yake mwenyewe, ilikuja mwaka 1539.

Nayasema haya si kwa kuonyesha kisomo. Yanavunja hoja za pande zote mbili kwa pamoja. Kijana anayesema nyimbo hizi ni mali ya taifa fulani anakosea, maana zimehama kutoka kwa Wakatoliki kwenda kwa Walutheri, kutoka Sisilia kwenda Weimar, kutoka uwanja wa michezo kwenda madhabahuni. Na mzee anayesema tuzihifadhi kwa sababu ndizo za Kilutheri anakosea vilevile, maana mtu anayetaka kumfuata Luther kweli kweli hatakiwi kuimba alichoimba Luther. Anatakiwa kufanya alichofanya Luther: kuchukua wimbo wa watu wake mwenyewe, hata uwe wa ngomani, akautia Injili.

Sasa nije kwenye fani yangu. Nyimbo hizi zilipotiwa katika Kiswahili zilipata jeraha moja ambalo wengi tumelizoea mpaka hatulisikii. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, na mstari wake hupenda kuishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili, kama mjuavyo, mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema mTOto, MwoKOzi, fuRAha, mbiNGUni. Silabi ya mwisho ya Kiswahili ni dhaifu, inashuka taratibu. Sasa wimbo wa Luther unakwenda dhaifu, nguvu, dhaifu, nguvu, mara nne, na pigo la mwisho la mstari ni la nguvu. Ukiweka "mtoto" mwishoni mwa mstari huo, kinanda kinakulazimisha useme "mtoTO". Mwokozi anakuwa "MwokoZI". Ndiyo maana mtu asiye wa kanisani akipita nje ya usharika wetu siku ya Krismasi anaweza kusikia Kiswahili ambacho masikio yake yanakitambua na kukikataa kwa wakati mmoja.

Jeraha la pili ni la nafasi. Mstari wa silabi nane wa Kijerumani unaweza kubeba maneno sita au saba. Mstari wa silabi nane wa Kiswahili unabeba matatu, manne ukibana. Kwa hiyo mfasiri, hata awe hodari namna gani, lazima atupe mizigo njiani. Kwanza hutupwa vitu vidogo vya kushikika: nguo za mtoto, nyasi, punda na ng'ombe, mlango, kitanda. Hubaki maneno makubwa: wokovu, utukufu, neema, furaha. Maneno hayo ni ya kweli, lakini mtoto wa miaka saba hawezi kuyashika mkononi. Luther aliwaandikia watoto wake kuhusu hori la kulia ng'ombe na matandiko hafifu, sisi tukapokea muhtasari wa mahubiri.

Jeraha la tatu si la mfasiri, ni la mandhari. Wimbo wa waridi linalochanua katikati ya baridi kali, ulioanzia kwenye unabii wa Isaya wa chipukizi la shina la Yese, ni wimbo mzuri mno. Lakini mimi nilizaliwa Machame. Desemba kwetu ni jua, mvua za vuli zinamalizika, kahawa ya mwisho inachumwa, na huko chini Moshi mjini ule mti tunaouita mkrismasi unawaka maua mekundu barabara nzima, hauna jani linaloonekana. Theluji tulikuwa nayo, ndiyo, juu ya Kibo, tunaiona kila asubuhi wingu likifunguka. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kuiogopa. Nilipofika huku ndipo nilipoelewa yule mtunzi alikuwa anasema nini kuhusu ua kwenye baridi. Nilikuwa nimeuimba wimbo huo miaka ishirini na mitano kabla ya kuuelewa.

Hapa kijana atapiga makofi na kusema, si umeona? Ngoja kwanza, bwana.

Mtu akisema nyimbo hizi tulilazimishwa, nitamkumbusha historia. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, Wajerumani wakaondolewa, na hawakurudi mpaka katikati ya muongo ule. Sharika zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, watu waliovaa kanzu na kutembea kwa miguu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Hakuna Mjerumani aliyewasimamia. Kama nyimbo zile zingekuwa ni mzigo tu wa mkoloni, hapo ndipo pangekuwa mahali pa kuutua. Hawakuutua. Bibi yangu aliziimba kwa Kimachame, maana wale wa Leipzig walipenda kufundisha kwa lugha za nyumbani. Mama yangu akaziimba kwa Kiswahili. Kwa hiyo nikizisikia mimi, nasikia Kijerumani ambacho kimepitia Kichaga kabla ya kufika kwenye kitabu cha Mwimbieni Bwana, na baadaye Tumwabudu Mungu Wetu.

Tena watu wetu walizibadili bila kuomba ruhusa. Waliziimba polepole, polepole sana kuliko Wajerumani wenyewe, na kwa ule upole lile pigo baya la mwisho likapoteza ukali wake, silabi ikavutwa mpaka ikasahau kwamba ina mkazo. Waliziwekea sauti nne ambazo besi yake si ya kitabuni, ni ya wanaume waliokua wakiitikia nyimbo za kazi. Walizipiga kwa tarumbeta alfajiri ya Krismasi, na sauti ya shaba ikateremka kwenye migomba kutoka mtaa hadi mtaa. Nakumbuka Krismasi za mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa foleni, sukari ilikuwa ya kupangiwa na kitenge kipya ni ndoto. Mama alikuwa ametoka porini na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akautua, akaanza kumenya ndizi, na huku anaimba wimbo ule ule wa Luther kwa mikazo ile ile mibovu. Mimi mtaalamu wa mikazo, hiyo ndiyo sauti iliyonifundisha kwamba leo ni sikukuu.

Kwa hiyo ninapozihukumu nyimbo hizi nasema mambo mawili, na yote mawili nayasimamia. Kama tafsiri, nyingi ni dhaifu. Kama nyimbo, ni zetu, na zimeshalipiwa.

Basi kwa nini nisiishie hapo? Kwa sababu ya swali la yule binti. Tukiwa waaminifu, zetu ziko wapi? Siongelei nyimbo za kwaya tu. Hizo zipo nyingi, na mikazo yake iko sawa, maana zimezaliwa ndani ya Kiswahili. Lakini nyingi ninazozisikia zina neno moja la kusema, kwamba amezaliwa, na hulisema mara arobaini juu ya kinanda cha umeme. Zinachezeka, sina ugomvi nazo. Ila mwaka ukigeuka zimeshasahauliwa, zinatungwa nyingine. Ninaulizia wimbo wa Krismasi ambao bibi na mjukuu wataufahamu wote kwa moyo, wenye habari ndani yake, wa Kiswahili kutoka mfupani.

Pasaka tumeweza. Katikati ya miaka ya 1960, Bernard Kyamanywa, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, alitunga Mfurahini, Haleluya kwa mahadhi ya kwao. Wimbo ule unasimulia. Ndani yake mna malaika, kaburi na wanawake, na kila neno limeketi juu ya pigo lake. Ukatafsiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold mwaka 1969, na leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116. Wajerumani sasa ndio wanaohangaika kupachika lugha yao kwenye sauti yetu. Mambo yamegeuka! Lakini kwenye Krismasi, kwa ninavyoona mimi, hatujapata wimbo uliofika hapo. Pasaka tunatoa, Krismasi tunapokea.

Nimetafakari sana kwa nini, na jibu langu ndilo linalowahusu ninyi ndugu zangu wa Pwani. Nilipokuwa nahesabu silabi za Luther kwa ajili ya kile kijitabu, niligundua kitu kilichonifanya niweke kalamu chini. Ubeti wa Luther una mistari mirefu ya silabi nane kwa nane, mistari minne. Mizani nane, mishororo minne! Jamani, huo ni utenzi. Umbo ambalo Waswahili wamelitumia kwa karne kadhaa kusimulia habari za mitume, vita, wosia, na kuzaliwa. Luther na washairi wa Lamu walikata kitambaa cha kipimo kimoja bila kujuana.

Tofauti ni mbili. Vina vya Luther huenda wawili wawili, vya utenzi huenda vitatu na cha nne hubaki na kina chake cha kudumu. Hiyo ni ndogo. Kubwa ni mapigo. Mstari wa Luther unaanza dhaifu na kuishia na nguvu. Mstari wa utenzi, kwa kuwa ni Kiswahili, unaishia dhaifu, na silabi ya saba ndiyo yenye nguvu. Idadi ni ile ile, ngoma ni kinyume. Ndiyo maana huwezi kuuchukua utenzi ukaubandika kwenye sauti ya Luther. Lakini ndiyo maana pia ingewezekana tangu zamani kutafuta sauti nyingine na kuiacha habari ya malaika isimuliwe na umbo lililokuwa limeketi hapo hapo Pwani linasubiri.

Je, hawakulijua? Walilijua. Carl Büttner, aliyekuwa mkaguzi wa ile misheni ya Berlin iliyoingia Dar es Salaam mwaka 1887, alikusanya maandishi na mashairi ya Kiswahili, na mkusanyo wake ukachapwa Berlin mwaka 1894. Lakini nyimbo za kanisa zikapita njia nyingine. Naona sababu katika fikra iliyokuja kuonekana wazi kabisa kwenye Biblia ya Karl Roehl ya mwaka 1937. Roehl, Mlutheri wa misheni ya Betheli, alijitahidi kuyaepuka maneno yenye asili ya Kiarabu. Alitaka Kiswahili cha Kibantu. Sikatai kwamba alikuwa mtu wa bidii na Kiswahili chake kina utamu wake. Ila ukiogopa maneno ya Pwani, utaogopa na mashairi ya Pwani. Utenzi ulionekana una harufu ya udi. Ukaachwa mlangoni, na badala yake tukapewa mizani ya Wittenberg iliyovishwa kanzu.

Wakatoliki hawakuogopa hivyo, au angalau mmoja wao hakuogopa. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, katika miaka ya 1960 aliisimulia Injili nzima nzima katika Utenzi wa Enjili Takatifu. Huyo huyo ndiye baba wa ngonjera, ushairi wa kujibizana. Na kumbukeni nilichosema kuhusu Luther: malaika anafika, anatoa habari, na walio nyumbani wanajibu. Ule ni ujibizanaji. Mgeni kabisha hodi na habari za mbali, wenyeji wanamkaribisha. Mswahili gani hajui kuandika tukio hilo?

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Niliposhindwa kuvumilia zile "mtoTO" na "MwokoZI", nilikaa juma zima nikaandika upya beti tatu za Luther, mikazo yote ikakaa mahali pake. Nilijisifu sana. Siku ya mazoezi alikuwepo mama mmoja wa Marangu, ana zaidi ya miaka themanini, analelewa na binti yake hapa. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili akarudi kwenye maneno ya zamani. Tukaanza tena, akarudi tena.

"Mama, fuata ya kwenye karatasi," nikamwambia.

"Mwanangu, ya kwako ni mazuri," akasema. "Lakini mdomo wangu ukifika pale unakwenda wenyewe. Huu niliuimba Krismasi ile ya kwanza baada ya kumzika baba yao. Wewe andika wako, huu tuachie."

Nilikunja karatasi. Nimefundisha ushairi miaka mingi na sijawahi kupata uhakiki mfupi na wa haki kama ule. Nilikuwa nimefanya kosa la mtaalamu: kudhani kwamba wimbo mbovu wa kitaalamu ni tatizo linalongoja kusahihishwa. Wimbo ambao watu wamezikia nao hausahihishwi. Unaheshimiwa, halafu pembeni yake unatungwa mwingine.

Kwa hiyo nikaandika wangu. Mimi si mshairi, na ninyi mtaona. Naweka hapa beti mbili tu, za mgeni na za wenyeji, mnisahihishe:

Hodi hodi wa nyumbani,
Nina neno la amani,
Kalala penye majani
Mwenye enzi ya milele.

Karibu mgeni wetu,
Keti katikati yetu,
Hata zizi ni la kwetu,
Mwana na aje alale.

Yale majani ni ya mama yangu. Uchagani zamani ng'ombe alifungwa ndani ya nyumba ile ile waliyolala watu, akaletewa majani kutoka mbali kwa vichwa vya kina mama. Mtoto kulazwa penye malisho ya ng'ombe kwetu si ajabu ya kusikitisha kama ilivyo kwa Wazungu. Ni mgeni aliyelazwa ndani, karibu na joto. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna tafsiri ya Kijerumani ingeweza kutuambia.

Ndugu mmoja wa Bukoba aliutafutia sauti, yenye pigo la nguvu mwanzoni, kibwagizo kinaitikiwa. Vijana waliushika kwa dakika kumi. Yule binti aliyeuliza "zetu ziko wapi" ndiye aliyeanzisha. Nikafurahi, nikadhani kazi imekwisha. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema ambaye namheshimu, akaniita pembeni. "Daktari," akasema, "hii ni kaswida."

Nikamwambia, mzee wangu, Luther alichukua wimbo wa mchezo wa vijana. Nikamweleza habari ya Sisilia, na ya gitaa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, "Hayo ni ya kwao. Sisi hapa watu watasema tumesilimu." Kamati ikakaa, ikaamua kwamba wimbo usiingie kwenye ibada. Zile za zamani zikaimbwa zote kama zilivyo kitabuni, na nakiri kwamba taa zilipozimwa na mishumaa ikawashwa, nami niliimba "mtoTO" kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote, na macho yangu hayakuwa makavu.

Wimbo wetu uliimbwa chini, ukumbini, wakati wa pilau na ndizi nyama. Yule mama wa Marangu alikuwa amekaa kitini na sahani yake. Hakuimba, lakini alikuwa anapiga pigo kwa kijiko, na alilipiga mahali pake.

Simlaumu yule mzee. Hofu yake ni ya zamani kuliko yeye, na ina historia ambayo nimeieleza hapo juu. Lakini nasema wazi kwamba ni hofu inayotugharimu. Tumeazima sauti za Wakatoliki wa Austria na Wasisilia bila kuuliza, halafu tukikutana na umbo la jirani yetu wa Bagamoyo na Pangani, aliyetupa hiyo lugha tunayomwombea Mungu, tunasema hilo si letu. Kwa hiyo ombi langu kwenu mlio wa huko, mnaojua tenzi kwa kuzaliwa nazo, ni kwamba mnisaidie. Kama kibwagizo changu kimelegea, kikazeni. Kama kina cha bahari hakikukaa, niambieni. Mwana wa Mariamu anajulikana kwenu pia, na habari ya kuzaliwa kwake mnayo.

Na kwa Walutheri wenzangu mlio kwenye kamati za Desemba, sharika za nyumbani na za ughaibuni: msizifute za zamani, na msizisahihishe. Lakini msimwache yule binti aondoke bila jibu. Mpeni ukumbi kwanza kama kanisa ni gumu. Kyamanywa naye alianza akiwa mwanafunzi tu.

Naomba kuwasilisha.